SIKWENSA YA MJOMBA NA MGUU WA KUMI NA TATU

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alisimama darasani akasema eti Kiswahili ni lugha ya mashairi na methali tu, na kwamba mambo ya umeme hayaelezeki humo. Sikumjibu siku ile. Leo nimeshika kalamu ili nimjibu kwa vitendo. Nitawaeleza jinsi nilivyounda chombo kiitwacho sikwensa, mguu baada ya mguu na waya baada ya waya. Pia nitawaeleza jinsi nilivyomkosea mtu asiye na hatia, kwani mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

Mambo yalianza hivi. Mjomba wangu ni mwanamuziki. Chumba chake ni kimoja, na nusu yake imejaa nyaya. Likizo ya Agosti alikuja kwetu na kisanduku chenye moduli tatu za sinthesaiza alizozinunua zikiwa zimetumika. Akaniambia, "Mpwa wangu, wewe si ndiwe unayejigamba kwa Fizikia? Nimebaki na kitu kimoja tu, sikwensa, na ile ya dukani siwezi bei yake. Nina onyesho baada ya wiki tatu. Nitengenezee." Mama akacheka. Mimi sikucheka. Nilisema, "Sawa, mjomba," kabla sijajua ninachokubali.

SIKWENSA NI NINI?

Sinthesaiza ni ala inayotoa sauti kwa nguvu za umeme. Iko ile ya kibodi tunayoiona kanisani, na iko ile ya vipande vipande. Katika hii ya pili, kila kipande huitwa moduli, na kila moduli ina kazi yake. Moja hutoa mlio, nayo huitwa osileta. Nyingine huuchuja mlio huo, na nyingine huamua uwe mkubwa au mdogo. Mwenyewe unaziunganisha kwa nyaya upendavyo.

Osileta hupokea amri kwa njia ya volteji. Ukiiongezea volti 1, mlio hupanda kutoka do ya chini hadi do ya juu. Kwa kuwa kati ya do na do kuna nusu-sauti 12, kila nusu-sauti ni volti 1 kugawanya kwa 12, yaani kama volti 0.083. Hesabu hii ndogo iwekeni akilini, tutairudia.

Sasa, sikwensa yenyewe haitoi sauti hata chembe. Kazi yake ni kutoa volteji kwa zamu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, kisha inaanza tena. Osileta ikipokea volteji hizo huimba noti nane, tena na tena, bila mtu kugusa kibodi.

Chombo hiki si kigeni duniani. Katika miaka ya 1960 huko California, Marekani, Don Buchla aliwaundia watunzi wa muziki sinthesaiza zenye sikwensa ndani. Upande wa New York, Robert Moog naye alitengeneza moduli ya sikwensa yenye safu 3 za hatua 8. Mwaka 1977 wimbo wa Donna Summer uitwao "I Feel Love" ulipotoka, watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza besi inayokimbia bila kuchoka, nayo ilichezwa na sikwensa pamoja na sinthesaiza ya Moog. Katikati ya miaka ya 1990, Mjerumani Dieter Doepfer alileta moduli ndogo zinazotumia tundu la milimita 3.5, sawa na lile la visikizi vya simu. Za mjomba ni za ukoo huo.

KENGELE NA VIPINDI

Nilipotafuta michoro niligundua kwamba sikwensa rahisi kabisa ina chipu mbili tu. Ili kuzielewa, hebu tuifikirie shule yetu.

Chipu ya kwanza inaitwa 555. Ilibuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, na mpaka leo inauzwa madukani. Hii ni mpiga kengele wetu. Yeye hajui kipindi ni cha Historia au Hesabu, kazi yake ni kugonga kengele kwa wakati. Mguu wake wa 3 hupanda na kushuka, hupanda na kushuka. Kasi yake huamuliwa na kapasita moja na rezista mbili. Kapasita hujaa umeme kama mtungi unaotiwa maji kwa bomba jembamba. Ikifika theluthi mbili za volteji ya betri, chipu huifungulia imwage mpaka theluthi moja, kisha ijae tena. Bomba likiwa jembamba zaidi, mtungi huchelewa kujaa, na kengele hulia polepole.

Chipu ya pili inaitwa 4017. Hii ni orodha ya vipindi. Ina milango kumi ya kutokea, na wakati wowote mlango mmoja tu ndio ulio wazi, yaani wenye volteji. Kengele ikilia, mlango uliokuwa wazi hufungwa na unaofuata hufunguliwa. Jambo la kuudhi ni kwamba milango hiyo haikupangwa kwa mfuatano wa miguu. Mfuatano wa kweli ni huu: mguu wa 3, 2, 4, 7, 10, 1, 5, 6, 9, halafu 11. Nakiri kwamba niliukariri kama tunavyokariri ngeli.

VIFAA

Nilitembea kwenda shule na kurudi kwa wiki mbili, nauli nikaiweka. Kisha Jumamosi nikapanda matatu hadi katikati ya jiji, nikaingia katika duka moja dogo karibu na Barabara ya Luthuli. Mwenye duka ni mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinihesabia vitu hivi:

Chipu ya 555 moja na 4017 moja, pamoja na soketi zake za miguu 8 na miguu 16. Volyumu 10 za kiloohamu 100, yaani vile vidude vya kuzungusha kama cha kuongezea sauti kwenye redio. Dayodi 8 za aina ya 1N4148. Taa ndogo nyekundu 8 na rezista 8 za kiloohamu 4.7. Rezista mbili za kiloohamu 1 na moja ya kiloohamu 10. Kapasita ya maikrofaradi 10 na nyingine ndogo ya nanofaradi 10. Matundu mawili ya jeki, kibao chenye vitundu, risasi ya kulehemu, waya, na betri ya mraba ya volti 9.

Pasi ya kulehemu niliazima kwa fundi wa redio wa mtaani kwetu. Mita ya kupimia umeme niliombea ruhusa kwa mwalimu wetu wa Fizikia, akaniandikia kwenye kitabu cha maabara. Naomba mkumbuke kwamba mita nilikuwa nayo mkobani tangu mwanzo.

JINSI YA KUUNGANISHA

Anza na mpiga kengele. Mguu wa 8 na wa 4 wa 555 nenda navyo kwenye chanya ya betri, mguu wa 1 kwenye hasi, ambayo mafundi huiita ardhi. Rezista ya kiloohamu 1 iweke kati ya chanya na mguu wa 7. Kati ya mguu wa 7 na wa 6 weka rezista ya kiloohamu 10 ikifuatana na volyumu moja. Unganisha mguu wa 6 na wa 2, kisha kapasita ya maikrofaradi 10 itoke hapo hadi ardhini, upande wake wa hasi ukielekea ardhini. Kapasita ndogo itoke mguu wa 5 hadi ardhini. Volyumu hiyo ikizungushwa, kengele italia kuanzia mara moja kwa kila sekunde moja na nusu hivi, mpaka karibu mara 7 kwa sekunde.

Sasa 4017. Mguu wa 16 ni chanya, wa 8 ni ardhi. Mguu wa 14 ndio sikio lake, basi upelekee waya kutoka mguu wa 3 wa 555. Tunataka hatua 8 wala si 10, kwa hiyo chukua mlango wa tisa, ambao ni mguu wa 9, uunganishe na mguu wa 15. Mguu wa 15 kazi yake ni kurudisha hesabu mwanzo. Hesabu ikitaka tu kuingia ya tisa, inajirudisha yenyewe kwenye ya kwanza, upesi kiasi kwamba jicho halioni. Halafu kuna mguu wa 13. Huu ni wa kuzuia. Ukiwa na volteji, chipu huziba masikio, kengele ilie isilie. Ukiwa ardhini, chipu husikiliza. Kwa hiyo mguu wa 13 sharti uende ardhini.

Kila mlango kati ya ile minane sasa unapewa volyumu yake. Ncha moja ya volyumu iko mlangoni, ncha ya pili ardhini, na ule mguu wa katikati ndio unaotoa kiasi cha volteji ulichochagua. Mlangoni hapo hapo ning'iniza taa yako na rezista ya 4.7 mpaka ardhini, ili uone ni zamu ya nani.

Kutoka katikati ya kila volyumu weka dayodi, na dayodi zote nane zikutane kwenye waya mmoja, mistari yao ikielekea kwenye waya huo. Kwa nini dayodi? Kwa sababu mlango mmoja unapotoa volteji, ile saba mingine iko sifuri, na bila dayodi ingeinyonya volteji hiyo. Dayodi ni mlango wa kwenda tu, haurudishi mtu. Hutoza ushuru wa kama volti 0.6, lakini ni ushuru wa haki.

Waya huo wa pamoja hauendi kwenye jeki moja kwa moja. Kumbukeni ile hesabu yetu. Kila nusu-sauti ni volti 0.083 tu, na betri yetu ni ya volti 9. Ukigusa volyumu kidogo tu, noti itaruka kama panzi. Kwa hiyo ile volyumu ya kumi iweke kati ya waya wa pamoja na ardhi, na katikati yake ndiko kutoke noti kwenda kwenye jeki kupitia rezista ya kiloohamu 1. Ukiishusha, mizunguko yote minane inakuwa ya upole na unaweza kutafuta noti kwa sikio. Jeki ya pili ipe waya kutoka mguu wa 3 wa 555, ili moduli za mjomba zijue noti inapoanza. Na ardhi ya jeki zote mbili iungane na ardhi ya betri, la sivyo vyombo viwili havitaelewana.

MGUU UNAONING'INIA

Nililehemu usiku wa Jumatano mpaka macho yakaniwasha. Nilipochomeka betri, taa zilitembea moja, mbili, tatu, hadi nane. Nilipiga kelele hadi mama akaamka. Ama kweli, nilijiona nimeiva.

Kesho yake mjomba alikuja. Nikachomeka betri mbele yake. Taa ya tatu ikawaka, ikabaki hapo kama ng'ombe aliyekataa mto. Nikasogeza mkono, na lahaula! Taa zote zikakimbia ovyo mpaka zikaonekana kama zimewaka pamoja. Nikaondoa mkono, zikasimama kwenye taa ya sita. Mjomba alinitazama, akasema kwa upole, "Labda bado haijakomaa." Maneno yale yaliniuma kuliko kama angenikemea.

Sikulala. Nilishajiamulia: chipu ni bandia. Si tunasikia kila siku kwamba vitu bandia vimejaa madukani? Jumamosi nikarudi kwa yule mzee. Duka lilikuwa na wateja watatu.

"Karibu, binti," akasema.

"Mzee, chipu uliyoniuzia ni bandia."

"Umeipima?"

"Ya nini niipime? Haifanyi kazi!" Nilisema kwa sauti ya juu. Mteja mmoja, aliyekuwa tayari ameshika pesa mkononi, alizirudisha mfukoni akatoka.

Mzee hakujibu upesi. Alimtazama yule mteja akienda zake, kisha akafungua kisanduku, akatoa 4017 nyingine. "Chukua, usinilipe. Lakini nenda ukapime, binti." Niliichukua kwa mkono mmoja. Shukrani sikutoa.

Nyumbani niliibandua ile ya kwanza kwenye soketi, nikaweka mpya. Taa ya tano ikawaka, ikasimama. Nikasogeza mkono, zikakimbia ovyo. Yale yale!

Hapo ndipo nilipoitoa mita mkobani. Waya mweusi wa mita niliuweka ardhini, ule mwekundu nikaanza kugusa miguu mmoja mmoja. Mguu wa 16, karibu volti 9, sawa. Mguu wa 8, sifuri, sawa. Mguu wa 14, volteji inapanda na kushuka, kengele inalia. Nikagusa mguu wa 13. Taa zikaanza kutembea! Moja, mbili, tatu, kwa adabu, kama wanafunzi mstarini. Nikainua mita, baada ya kitambo kidogo zikasimama. Nikaigusisha tena, zikatembea.

Nilikaa kitako nikafikiri. Mita ina njia nyembamba mno ya kupitisha umeme ndani yake. Nilipogusa mguu wa 13, njia hiyo ilitosha kuushusha mguu huo ardhini. Basi bila mita haukuwa ardhini! Niligeuza kibao, nikahesabu. Mguu wa 13 ni wa tano ukihesabu kuanzia upande wa mguu wa 9. Lakini nilipokuwa nalehemu, kibao kilikuwa kimepinduliwa, nami nikahesabu tano kuanzia upande wa mguu wa 16. Kumi na sita, kumi na tano, kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili. Waya wangu wa ardhi ulikuwa kwenye mguu wa 12, nao wa 13 ulikuwa unaning'inia hewani.

Hapa, msomaji, ndipo penye somo la umeme. Mimi nilidhani kwamba mguu usiounganishwa ni sifuri. Sivyo. Mguu wa kuingilia wa chipu kama 4017 hauhitaji karibu mkondo wowote, kwa hiyo ukiachwa hewani hushika chochote kinachopita. Stima ya nyumbani huyumba mara 50 kwa sekunde ndani ya kuta zetu, nao mwili wa binadamu huichukua kidogo na kuisogeza karibu. Ndiyo maana mkono wangu uliwatimua wale askari wangu nane. Na usiku ule wa Jumatano mguu ulikuwa umetulia chini kwa bahati tu, nami nikaiita bahati hiyo ufundi.

Niliuhamisha waya. Kazi ya dakika mbili.

KURUDI DUKANI

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nilikuwa nimelitukana jembe na muuza majembe pamoja. Jumatatu baada ya masomo nilirudi dukani na sare yangu ya shule, shilingi 50 mkononi na chipu moja ya ziada kwenye karatasi.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kuomba radhi. Zote mbili ni nzima. Kosa lilikuwa langu."

"Marahaba. Mguu gani?"

"Wa kumi na tatu."

Akacheka hadi miwani ikamteleza. "Huo! Hata mimi umewahi kunikosesha usingizi." Alipokea chipu, pesa akazikataa, kwa kuwa chipu ilikuwa imerudi. Kisha akanifundisha jambo ambalo ningetaka kila mmoja wenu alijue. Ukimaliza kulehemu, usiweke chipu kwenye soketi. Pima kwanza soketi tupu, mguu kwa mguu. Wa ardhi uone kama kweli umefika ardhini, wa chanya kama una volteji. Hakikisha kila mguu wa kuingilia una mahali unakokwenda. Ndipo uweke chipu.

Nilimwambia pia kwamba ningependa kumwomba radhi yule mteja aliyeondoka. Akasema hamjui, na hajarudi. Hilo sikuweza kulilehemu.

Mjomba alicheza onyesho lake, na sikwensa yangu ilitembea muda wote bila kusita, noti nane za besi, huku yeye akizungusha volyumu na kubadilisha wimbo watu wakicheza. Kibao bado hakina kasha, kimefungwa kwenye mkebe wa biskuti. Mguu wa 13 nimeupaka rangi nyekundu ili nisiusahau.

Kwa mwenzetu aliyesema Kiswahili hakiwezi, nadhani nimejibu. Na kwa yeyote atakayetaka kuunda yake, mchoro ninao, nitamwonyesha wakati wa chamcha. Ila nitamwomba kitu kimoja: kabla hajamlaumu mtu, apime.